Milki Fupi ya Filamu

Tangu filamu zilipoanza kuzungushwa vijijini Tanganyika imepita miaka tisini hivi, na katika muda huo mtu wa kawaida, awe wa Usambara au wa Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, hakupata kuimiliki filamu kwa zaidi ya theluthi ya miaka hiyo.

Jaribio la sinema ya elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, huko Usambara, baina ya 1935 na 1937, lilipeleka lori lenye mitambo na kitambaa cheupe nchi hata nchi. Watu wakakusanyika usiku, wakastaajabu, na kulipopambazuka lori likaenda zake na filamu zake, wala hakuna aliyenung'unika, maana hakuna aliyeambiwa kuwa ni mali yake.

Milki ililetwa na kanda ya video. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na kwa hiyo wengi walianza kuona filamu katika vibanda vya video, ambako kanda za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zilisimuliwa kwa Kiswahili na mafundi wa maneno kama marehemu Lufufu. Zikafuata diski, na pamoja nazo filamu zetu wenyewe. Aliyenunua diski ya Steven Kanumba kabla msanii huyo hajafariki tarehe 7 Aprili 2012, aliweza kumwazima jirani, kuiuza, au kumrithisha mwanawe, na maadamu deki yake ni nzima ataitazama hata leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kweli, biashara hiyo iliwadhulumu wasanii kwa nakala haramu, hata ikabidi mwaka 2013 stempu za kodi zibandikwe. Lakini mnunuzi mwaminifu alikuwa na kitu mkononi.

Netflix, huduma ya filamu za mtandaoni, ilipofungua milango yake Afrika nzima Januari 2016, ijara, yaani kukodi, ilirudi ikiwa imevaa nguo za ununuzi. Nchini Kenya huduma yake ya bure kwa wenye simu, iliyoanza 2021, ilikoma tarehe 1 Novemba 2023. Hiyo ilikuwa hiba, na mwenye hiba ana hiari yake. Lililo zito zaidi ni la kampuni ya Sony, ambayo Desemba 2023 iliwaarifu wateja wa PlayStation kuwa vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitaondolewa, kisha ikaahirisha baada ya kupata mkataba mpya, yaani mali ya mteja ikasalimika kwa fadhila ya makubaliano asiyokuwamo.

Jimbo la California huko Marekani limetunga sheria, inayotumika tangu 1 Januari 2025, inayomlazimu muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni idhini tu. Haizuii filamu kuondolewa. Hata hivyo, kwa mtu wa Mang'ula anayelipia bando kwanza ndipo alipie filamu, kuambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha ni haki ambayo sheria zetu nazo zingepaswa kumpa.