UZI: “Huyo si Mkenya tena, anaongea akiwa majuu”

Mjadala wa siasa ukipamba moto, lazima mtu aseme hivyo. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na kwetu ni Mau Narok, ambako kuambiwa “wewe si wa hapa” si mzaha hata kidogo. Ndiyo maana leo naleta kisa cha Profesa Mĩcere Gĩthae Mũgo.

Alizaliwa 1942 Baricho, Kirinyaga, mtoto wa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 60, shule zikiwa bado zimegawanywa kwa rangi, alikuwa kati ya wasichana Waafrika wa kwanza kuingia Limuru Girls, iliyokuwa shule ya Wazungu. Akapita Makerere, akapata PhD Kanada 1973, akarudi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko ndiko alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza kitivo. Mwaka wa 1976 yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa tamthilia juu ya kesi ya Dedan Kimathi. Wengi hutaja Ngũgĩ peke yake, na hakuna anayeshtuka.

Alitetea haki za binadamu bila kunong'ona, polisi wakamwandama. 1982 akatoroka nchi na binti zake wawili wadogo. Halafu akavuliwa uraia. Mtu wa Kirinyaga, baba na mama wa Kirinyaga, sasa eti si Mkenya, na kosa ni mdomo wake tu! Zimbabwe ndiyo iliyompokea na kumpa uraia. Akafundisha Harare, kisha Syracuse, Marekani, kuanzia 1993 hadi alipostaafu 2015. Alifariki huko 2023.

Sasa sheria, maana hapa watu huchanganya mambo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 16: Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kifungu cha 78 ndicho kinakataza maafisa wa Serikali na wanajeshi kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa wachache. Kwa hivyo ukitaka kumzuia mtu wa majuu kugombea kiti, taja cha 78. Ukitaka tu anyamaze, huna kifungu.

Na aliyepoteza uraia zamani kwa kuchukua wa kwingine? Kifungu cha 14 kinampa haki ya kurudishiwa, lakini mpaka aombe. Hapo kwa “aombe” ndipo mimi hukwama.