Dawa za Kuongeza Nguvu na Wababe wa Uzito wa Juu: Mkali Anapimwa kwa Nini Hasa?

Unakumbuka ile stori ya 2019? Anthony Joshua alikuwa anaenda kupigana Marekani kwa mara ya kwanza, pale Madison Square Garden, New York, tarehe 1 Juni. Mpinzani alikuwa Jarrell Miller, bonge la mtu, mdomo mrefu, kila siku anatamba. Wiki chache kabla ya pambano vipimo vikarudi vibaya, si mara moja, ni mara tatu. Dawa ya kwanza ilikuwa GW1516, ikaja homoni ya ukuaji, ikaja EPO. Miller akaondolewa, waandaaji wakaanza kuhangaika kutafuta mtu wa kuziba pengo.

Aliyepatikana ni Andy Ruiz Jr., jamaa mfupi kidogo, kitambi kinaning'inia juu ya bukta, na taarifa ameipata kama mwezi mmoja tu kabla. Watu walicheka sana zile picha za Joshua na misuli yake kama sanamu, pembeni kasimama Ruiz na tumbo lake. Raundi ya tatu Joshua akamdondosha, kila mtu akajua kazi imeisha. Haikuisha. Ruiz akainuka, akamdondosha Joshua mara nne, raundi ya saba refa akamaliza pambano. Mikanda ikaondoka na mwenye kitambi.

Yaani ndani ya miezi miwili tu uzito wa juu ulituonyesha vitu viwili: kwamba kuna watu wako tayari kutumia chochote ili wajaze mwili, na kwamba mwili uliojaa peke yake haukupi ubingwa. Sasa kwenye ule ubishi wetu wa nani mkali wa muda wote, haya mambo mawili tunayaweka wapi?

Miili imekua, ila si yote ni dawa

Tuanze na historia. Rocky Marciano, aliyestaafu 1956 akiwa na rekodi ya kushinda 49 bila kupoteza, alipigana akiwa chini ya kilo 90. Kwa leo huyo angepangwa uzito wa chini kabisa ya ule wa juu. Mwaka 1974 kule Kinshasa, Ali na Foreman walipanda ulingoni kila mmoja akiwa kwenye kilo 98 hadi 100 hivi. Rudi sasa hapa karibuni: Desemba 2024 Tyson Fury alipima karibu kilo 127 alipokutana na Usyk mara ya pili.

Hapo wengi wanarukia jibu moja tu: "Dawa hizo!" Taratibu kwanza. Watu warefu zaidi wameingia kwenye ngumi, chakula kimebadilika, na mazoezi ya kunyanyua vyuma, ambayo makocha wa zamani waliyakataa wakisema yanamfanya bondia awe mzito, sasa ni ya kawaida. Mwaka 1985 Michael Spinks alitoka uzito wa chini, akaongezwa mwili na mtaalamu wa mazoezi na lishe, akampiga Larry Holmes. Miaka mitatu baadaye Evander Holyfield alipanda kutoka cruiserweight akiwa na timu iliyokuwa na Lee Haney, bingwa wa kutunisha misuli wa Mr. Olympia. Kwa hiyo mwili mkubwa peke yake sio ushahidi. Ukimwita mtu mwizi kwa sababu ana kifua kipana, umemuonea.

Lakini tusijifanye hatujui upande wa pili. Steroidi ya vidonge iitwayo Dianabol iliingia sokoni Marekani 1958. Olimpiki ilianza kupima steroidi 1976 tu. Hiyo ni miaka 18 dawa ipo na hakuna anayeitafuta. Na ngumi za kulipwa zimekuwa nyuma zaidi, maana hazina bosi mmoja: kila jimbo la Marekani lina kamisheni yake, kila mkanda una wenyewe. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa mkojo wa usiku wa pambano. Mjanja anatumia akiwa kambini, anaacha mapema, siku ya pambano anakojoa mkojo msafi kama wa mtoto. Vipimo vya kushtukiza vya VADA, taasisi iliyoanzishwa 2011, ndivyo vilivyoanza kuwakamata watu wakiwa bado mazoezini. Miller mwenyewe alinaswa hivyo.

Waliokutwa, na walioumizwa

Desemba 1995, Stuttgart, Ujerumani. Frans Botha wa Afrika Kusini anapigania mkanda wa IBF uliokuwa wazi dhidi ya Axel Schulz, mtoto wa nyumbani. Botha anashinda kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Kipimo kinaonyesha nandrolone. Anavuliwa mkanda, matokeo yanafutwa.

Unafikiri Schulz alipewa mkanda? Wapi! Aliambiwa apigane tena, safari hii na Michael Moorer, Juni 1996, akapoteza tena kwa majaji wawili kwa mmoja. Miezi michache kabla ya Botha alikuwa amepoteza kwa George Foreman kwa pointi zilizolalamikiwa sana. Nafasi tatu, mkanda sifuri. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia mpaka anaacha ngumi. Ukisikia mtu anasema "dawa hazina madhara kwa mwingine", mtajie huyo.

Aprili 2005, James Toney akampiga John Ruiz na kuchukua mkanda wa WBA. Nandrolone tena. Matokeo yakafutwa, Ruiz akarudishiwa ubingwa. Sherehe ya ule usiku je, nani anairudisha? Botha na Toney wote walijitetea kwamba ni dawa za kutibu majeraha.

Halafu kuna kina Klitschko. Mwaka 1996 Vitali alikutwa na steroidi, akatolewa kwenye timu ya Olimpiki ya Ukraine. Baadaye alieleza kwamba alitumia kwa ajili ya jeraha la mguu. Nafasi yake Atlanta ikaenda kwa mdogo wake, Wladimir, ambaye alirudi na dhahabu. Wote wawili wakaja kuwa mabingwa wa dunia.

Na Tyson Fury: sampuli ya Februari 2015 ikaonyesha nandrolone. Yeye na binamu yake Hughie walisema chanzo ni nyama ya nguruwe pori ambaye hajahasiwa. Kesi ikaisha Desemba 2017 kwa makubaliano: kufungiwa miaka miwili iliyohesabiwa tangu Desemba 2015, na pambano la Februari 2015 likafutwa. Ushindi wake dhidi ya Wladimir, Novemba 2015, ukabaki palepale.

Dawa inakupa nini?

Hapa ndipo mashabiki wengi tunajidanganya. Tunasema "sindano haifundishi kurusha ngumi", tunamaliza ubishi. Ni kweli haifundishi. Ila steroidi zinakufanya upone haraka, kwa hiyo mwenzako akipumzika wewe unarudi mazoezini. EPO inaongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, kwa hiyo raundi ya kumi pumzi ipo wakati mwenzako anahema. Mabondia wawili wakiwa wanalingana ufundi, hicho kidogo ndicho kinachoamua. Angalia Botha na Schulz: kadi moja tu ingegeuka, mshindi angekuwa mwingine.

Kubwa zaidi: kwenye riadha mwenye dawa anakuibia medali. Ulingoni anakupiga kichwani nazo. Bondia wa kilo mia na ushee aliyeongezewa nguvu anamrushia binadamu mwenzake makonde kichwani kwa dakika 36. Kinachoibiwa pale kinaweza kuwa akili ya mtu, au uhai wake.

Na nini haikupi?

Haikupi kile alichofanya Ali Kinshasa. Foreman alikuwa ameshinda mapambano 40 yote, 37 kwa KO. Ali, miaka 32, akaegemea kamba, akala ngumi za mbavu, akamwongelesha, akasubiri. Raundi ya nane mwenzake kaishiwa, Ali akamlaza. Hapo kuna macho, kuna hesabu, kuna roho ngumu.

Haikupi alichofanya Joshua mwenyewe Desemba 2019 Saudia. Alirudi kwa Ruiz akiwa *amepungua* zaidi ya kilo 4, akacheza kwa miguu na jebu, akashinda kwa pointi. Na haikupi akili ya Usyk, aliyetoka cruiserweight, akampiga Fury mara mbili mwaka 2024. Ile ya pili alizidiwa kama kilo 25.

Kwa hiyo mimi nikipanga orodha yangu natumia maswali matatu. Alipigana na wakali wa zama zake, au aliwakwepa? Mambo yalipomgeukia ulingoni, alipata njia nyingine? Na je, alishinda kwenye mizani iliyo sawa kwa wote wawili? Aliyekutwa na dawa simfuti kwenye historia, ila pambano lile silihesabu, na yaliyolizunguka nayaangalia kwa jicho la pili. Wa zamani ambao hawakupimwa siwahukumu kwa uvumi. Siwaapii pia.

Na ukinibana nikutajie mmoja, nasema Ali, kwa sababu maswali mawili ya kwanza anayajibu kuliko yeyote: Liston, Frazier, Norton, Foreman, wote alikutana nao, na alipopigwa alirudi. Wewe nani wako, na hayo maswali matatu anayavuka?