Mabua ya mpunga: moto, kuoza na wakati

Kwetu Maniema mpunga si chakula cha mababu wa kwanza. Uliletwa na Wangwana na Waarabu waliotoka pwani katika karne ya 19, na mashamba ya Nyangwe na Kasongo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikaweka kilimo cha lazima, na katika sehemu nyingi mpunga ukawa kazi ya amri. Historia hiyo watu wanaiandika kwa kuhesabu magunia. Mabua yanayobaki shambani nani anayaandika?

Mpunga wetu ni wa inchi kavu. Mama anakata suke moja moja na kisu kidogo, bua linabaki limesimama. Mara nyingi muhogo na ndizi vimekwisha kupandwa katikati, basi ukiwasha moto hapo unaunguza chakula cha mwaka kesho. Moto wa wazee ulipita mbele, wakati wa kufyeka pori. Nyuma ya mavuno bua lilianguka lenyewe na kuoza.

Kuoza ni kazi, hatta kama hatuoni wafanyakazi. Kuvu na mikrobe ndio wanalikula bua. Lakini bua la mpunga ni gumu, lina silika nyingi, ile ile inayokwaruza ngozi ya mvunaji. Tena lina azoti kidogo sana. Mikrobe, wakikosa azoti ndani ya bua, wanaivuta ndani ya udongo. Ukipanda mbegu siku zile zile, mmea unageuka manjano, juu chakula chake kimetangulia kuliwa. Baadaye wanakufa na kuirudisha. Yote ni kungojea.

Kwa kuelewa bei ya kungojea, tuangalie India. Kule Pusa, jimbo la Bihar, kulijengwa mwaka 1905 chuo cha utafiti wa kilimo. Mwingereza Albert Howard alifanya kazi pale, na mwaka 1924 akahamia Indore. Akichunguza desturi za wakulima wa India na China, alipanga namna ya kuozesha takataka za shamba: mabua, mavi ya ng'ombe, majivu, udongo, kisha kugeuza fungu mara kwa mara. Mbolea ilikuwa tayari kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Tetemeko la mwaka 1934 likabomoa chuo cha Pusa, kikahamishiwa Delhi pamoja na jina lake. Kutoka chuo hicho hicho, mwaka 2020, dawa ya Pusa ikaanza kutumiwa katika mashamba ya Delhi: kapsule zenye kuvu, zinachachushwa katika maji pamoja na sukari guru na unga wa dengu, kisha zinanyunyizwa juu ya mabua. Waliahidi siku 20 hadi 25. Howard alihitaji kama 90!

Kwa nini haraka hiyo? Katika Punjab na Haryana mpunga na ngano vinafwatana katika shamba moja. Mashine ya kuvuna inaacha mabua marefu. Mwaka 2009, kwa kulinda maji ya chini ya udongo, sheria ilikataza kupandikiza mpunga mapema. Mavuno yakasogea mpaka mwisho wa Oktoba, na ngano inataka kupandwa mwanzo wa Novemba. Mkulima akabaki na wiki mbili, tatu. Kiberiti kinamaliza kwa saa moja, na moshi unafika Delhi. Dawa inataka unyevu, inataka kuchanganywa na udongo, na hizo siku 20 ndizo mkulima hana. Wengi wameendelea kuchoma. Mimi siwezi kuwacheka.

Sisi tulikuwa na wakati mwingi. Watafiti wa INEAC kule Yangambi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1933, walipopanga mashamba ya paysannat kwa mistari, walihesabu miaka ya pori kupumzika kuliko miezi ya mazao. Desturi hiyo waliikuta kwa wakulima, wakaipimia kamba. Leo, karibu na miji na barabara, pori linapumzika miaka michache tu. Anayerudi pale anakuta nyasi kuliko miti, na kisha kuvuna anaona heri asafishe yote kwa moto ili apande tena upesi. Bua ambalo lingeoza chini ya muhogo linakuwa jivu, na mvua ya kwanza inalipeleka mtoni.