Tangazo linalosikika: historia fupi ya alama za HTML

KASONGO – Kwa familia zilizokimbia vita, tangazo moja linaweza kuamua kama chakula kitafika nyumbani. Lakini huko Kasongo au Kabambare, karatasi ya tangazo ikipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, mkimbizi asiyeona anaachwa nyuma. Programu inayosoma kioo cha simu kwa sauti mara nyingi humwambia tu kwamba hapo kuna picha. Siku, mahali na saa ya kugawa msaada havisikiki.

Wakati kurasa za intaneti zilipoanza, mambo hayakukusudiwa hivyo. Mwaka 1991, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, alitoa orodha fupi ya alama za kuandikia kurasa. Ndiyo HTML. Alama hizo zilitaja kazi ya kila kipande: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha.

Baadaye biashara iliingia, na watu wakatafuta urembo. Kurasa nzima zilipangwa ndani ya majedwali, na kichwa cha habari kikawa maandishi makubwa tu. Jicho liliona kichwa, lakini programu ilisikia maneno kama mengine. Asiyeona alisikiliza kila kitu toka juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta wimbo mmoja katika kaseti bila kujua uko wapi.

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 1996 ilitoka CSS, lugha ya kushughulikia urembo peke yake. Mei 1999, shirika la W3C lilitoa mwongozo wa kwanza wa kurasa zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Mwaka 2006, Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kutengeneza NVDA, programu ya bure inayosoma kompyuta kwa sauti. James Teh, naye asiyeona, alijiunga naye. Mwaka 2014, HTML5 ilithibitishwa ikiwa na alama mpya zinazoonyesha menyu iko wapi na habari yenyewe inaanzia wapi.

Kongo nayo imejifunga. Mwaka 2015 iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaja pia haki ya kupata habari. Mei 2022 ikatoa sheria yake ya kuwalinda.

Kutimiza haki hiyo hakuhitaji fedha nyingi. Anayetoa tangazo aliandike kwa maneno, kichwa akiwekee alama ya kichwa, majina ya vijiji ayapange katika orodha, na kila picha aipe maelezo mafupi. Maandishi ni mepesi kuliko picha, hata pale mtandao ulipo dhaifu. Hapo asiyeona atajua siku na mahali bila kungoja jirani amsomee.