Anwani ya MAC: Anwani au Kitambulisho?

"Anwani ya MAC" ni istilahi iliyozoeleka, nayo inapotosha. Anwani kwa msemaji wa leo ni mahali unapopatikana: sanduku la posta, mtaa, nyumba. Ukihama unaiacha. Tarakimu 12 za kadi ya mtandao, ndiyo hiyo "anwani ya MAC", haziachwi hivyo. Chomoa kadi Mwanza, ichomeke Mombasa, ni zile zile. Inayobadilika ni ya IP, na hiyo kweli ni anwani. Hizi za kadi zaidi ni kitambulisho, na ushahidi mzuri ni hitilafu inayowahangaisha mafundi wa seva. Ukidurufu seva ya CentOS 6 ndani ya VMware, nakala hupewa kadi pepe yenye tarakimu mpya, lakini diski yake imebeba kumbukumbu za mwenzake. Faili ya 70-persistent-net.rules, katika /etc/udev/rules.d, imeandika kwamba jina eth0 ni la kadi ya zamani. Kadi mpya inabisha hodi, inakuta jina lina mwenyewe, inapewa eth1. Nayo ifcfg-eth0, faili ya mipangilio ya kadi yenye mstari wa HWADDR wa tarakimu za zamani, inaendelea kumngoja asiyekuwapo. Tiba ni kufuta faili ile ya 70-persistent-net.rules, kuondoa au kurekebisha HWADDR, kisha kuwasha seva upya. Aliyefundishwa "anwani" atahangaika na kebo, swichi na IP. Aliyefundishwa "kitambulisho" atauliza mfumo unamdhani huyu ni nani.

Atatokea wa kusema kwamba swichi hupeleka data kwa tarakimu hizo hizo, basi ni anwani. Lakini swichi huweka jedwali la nani yuko mlango upi. Mahali ni mlango, tarakimu ni za anayetafutwa. Wengine watasema kadi pepe hupewa tarakimu na programu, na zinabadilishika. Naam, na vitambulisho vya watu navyo hutolewa na ofisi, hata kughushiwa. Hoja nzito zaidi ni ya lugha: anwani ni pia jina la kitabu, maana iliyo karibu na tunayoitafuta. Tatizo ni kwamba msomaji wa mwongozo wa kompyuta anasikia posta kwanza.

Tangu 2013 systemd, programu ya usimamizi wa mfumo katika Linux, imeleta majina ya kadi yanayofuata mahali ilipochomekwa: ens33 ni kadi ya nafasi ya 33. Seva ya namna hiyo ikidurufiwa, kadi mpya huketi nafasi ile ile na kurithi jina lile lile, tarakimu zake ziwe zozote. Hapo ndipo neno anwani lingefaa, na hakuna anayelitumia.