Swichi Iliyozimwa kwa Amri: Jinsi Sheria Ilivyoamua Kasi ya Intaneti Kenya

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumze siasa. Msikimbie! Siasa hii inahusu jambo mnalolijua vizuri: kwa nini ukurasa hufunguka haraka, au hukwama, na kwa nini bei yake ni ile unayolipa.

Turudi mwaka 1999. Uko Westlands, Nairobi, unamtumia barua pepe rafiki yako aliye Upper Hill, ambaye anatumia kampuni nyingine ya intaneti. Kwa matatu ni safari fupi tu. Lakini barua yako haikupita huko. Ilipanda hadi kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, ikakabidhiwa kampuni ya pili huko huko ugenini, ikapanda tena angani, kisha ikashuka Nairobi.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 36,000 mara nne ni 144,000, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya mzingo wa dunia. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda tu ni karibu nusu sekunde. Jibu nalo likirudi kwa njia hiyo hiyo, sekunde nzima imeisha, na hapo hatujahesabu foleni. Hata uandike programu safi namna gani, huwezi kushindana na kasi ya mwanga.

Na safari hiyo ililipiwa kwa dola. Kampuni za Kenya zilikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya data iliyotoka nchini ilikuwa inaelekea kwa mtu mwingine aliye humu humu Kenya. Yaani tulikuwa tukiwalipa wageni watuvushie barabara yetu wenyewe.

Dawa ilijulikana, na haikuwa ghali. Unatafuta chumba kimoja, unaweka swichi, kila kampuni inavuta waya wake hadi pale, na data ya majirani inabadilishwa papo hapo. Novemba 2000, chama cha kampuni za mawasiliano, TESPOK, kilifanya hivyo hasa. Kituo kiliitwa KIXP. Muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 hadi kati ya 60 na 80. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 3,375 kwa mwezi kwa laini ya kilobiti 64 ingeweza kubadilishana data ya humu nchini kwa dola 200.

Kiliishi wiki mbili hivi. Kisha serikali ikakizima.

Kwa nini? Hapa ndipo sera inapoingia, na nawaomba tusikimbilie kutukana. Mwaka 1999 lile shirika la zamani la posta na simu liligawanywa, na Telkom Kenya ikazaliwa. Ilipewa ukiritimba wa miaka mitano: data yote ya kutoka na kuingia nchini ipite kwake peke yake. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa na laini za simu zipatazo 300,000 tu kwa watu karibu milioni 30. Fedha za mawasiliano ya nje, ambayo hulipiwa na wenye uwezo, zilitakiwa kufidia gharama ya kufikisha laini vijijini, ambako hakuna faida. Wanauchumi wana hoja hii tangu zamani: ukiruhusu washindani wachague nyama, shirika la umma litabaki na mifupa.

Basi Telkom ikalalamika kwa Tume ya Mawasiliano, CCK, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ilidai KIXP inavunja ukiritimba wake. Kampuni nazo zikajibu: ukiritimba wenu ni wa data inayovuka mpaka, na hii yetu haivuki mpaka wowote. Hiki ni kikundi chetu cha ndani, tunabadilishana kilicho chetu. Tume ikaamua kwamba kituo hicho kinahitaji leseni, na kwa kuwa hakina, ni haramu. Kikafungwa.

Tazameni vizuri kilichotokea. Kisheria, ukiritimba ulihusu mpaka. Kiuchumi, Telkom ilikuwa ikilipwa hata kwa data isiyo na haja ya kuvuka mpaka, kwa sababu tu hapakuwa na njia nyingine. Swichi haikuiba mapato ya nje. Ilifichua kwamba sehemu ya mapato hayo haikuwa ya nje kamwe. Na mwenye kupata fedha kutokana na mzunguko hana haraka ya kuona njia ya mkato ikifunguliwa.

Kampuni hazikunyamaza. Zilipeleka shauri kwenye baraza la rufaa la mawasiliano, zikaandika magazetini, na wengine wakazungumza na wakubwa faraghani. Ilichukua karibu mwaka mzima. Novemba 2001 leseni ikatoka, na Februari 2002 KIXP ikawaka tena, safari hii ikiunganisha kampuni tano. Teknolojia ilikuwa ile ile ya mwaka 2000. Kilichokuwa kimekosekana ni karatasi yenye muhuri.

Sasa tuvuke kwenda baharini, kwa maana KIXP ilitatua nusu moja tu ya tatizo. Data iliyokuwa inaenda nje kweli kweli bado ilipanda kwenye setilaiti, na megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya kisasa ya chini ya bahari.

Mtu angesema: si muivute tu hiyo kebo? Lakini Afrika Magharibi walikuwa wameshatupa somo. Kebo ya SAT-3, kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, ilianza kazi mwaka 2002. Bei katika nchi nyingi ilipopita haikushuka kama watu walivyotarajia. Kebo ilimilikiwa na muungano wa mashirika makubwa ya simu, na katika nchi nyingi shirika moja ndilo lililoshika mlango wa pale kebo inapotua. Waya ulikuwa mpya, ukiritimba ulikuwa wa zamani.

Ndiyo maana mradi wa EASSy, ulioanza kujadiliwa mwaka 2003, ulikwama katika mabishano kwa miaka. Je, wasio wanachama wauziwe kwa bei ile ile? Nani awe na usemi, kampuni au serikali? Na kati ya serikali, ni ipi? Maafisa wa Kenya walilalamika kwamba Afrika Kusini inataka sauti kubwa kupita kiasi. Hiyo ndiyo siasa ya mataifa, ndugu zangu: haihitaji vifaru, mkataba wa waya watosha.

Mwaka 2006 Kenya ilichoka kungoja. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara ya habari na mawasiliano, alisukuma mpango wa kebo yetu wenyewe, TEAMS, karibu kilomita 5,000 kutoka Mombasa hadi Fujairah. Kampuni ya Etisalat ya Emirati ilichukua asilimia 15, na asilimia 85 ikawa ya upande wa Kenya: serikali pamoja na kampuni za mawasiliano zinazoshindana. Zingatieni neno hilo, zinazoshindana. Ukiritimba wa Telkom ulikuwa umekwisha mwaka 2004, kwa hiyo mlango wa baharini haukushikwa na mtu mmoja.

TEAMS ilitua Mombasa Juni 2009. SEACOM, ya wawekezaji binafsi, ilianza kazi Julai mwaka huo huo, baada ya kucheleweshwa na maharamia wa Kisomali. EASSy ilifuata mwaka 2010. Kebo tatu, wamiliki mbalimbali, pwani moja: ushindani huo ndio ulioshusha bei kutoka maelfu ya dola hadi mamia, kisha chini zaidi.

Na ile swichi iliyozimwa? Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba KIXP inaziokolea kampuni karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2020 makadirio yalikuwa dola milioni 6, na data inayopatikana humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikalegea kote Afrika Mashariki, kilichohifadhiwa hapa nchini hakikuwa na haja ya kupita baharini.

Kwa hiyo mkisikia kuna mswada au leseni mpya ya mawasiliano, msiseme hayo ni ya wanasheria. Ulizeni swali moja tu: pakiti yangu ikipita hapa, nani analipwa, na je, kuna njia ya pili? Jibu likiwa hakuna njia ya pili, jueni kasi yenu na bei yenu zimeshaamuliwa ofisini, kabla fundi hajafungua sanduku la vifaa.