Mfinyanzi Hulia Gaeni



Jua likizama mwezi huu, mkono wa kwanza huenda kwenye tende, wa pili kwenye maji. Siku hizi maji yatoka kwenye friji. Lakini waulize wazee nyumbani, watakwambia habari za mtungi. Ule udongo hutokwa jasho, jasho likikauka maji yaliyo ndani hupoa, bila waya wala umeme. Leo kijana akiuona mtungi hucheka: "Ah, hayo mambo ya kizamani." Basi hebu tusikilize kisa cha binti wa Kenya aliyevuka bahari kwenda kusoma, na masomo yakamrudisha kwenye mtungi.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Utotoni aliishi India na pia Mombasa. Alianza na kazi ya kuchora matangazo ya biashara, na mwaka 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kuongeza ujuzi wa fani hiyo. Huko akagusa udongo, na moyo ukahama. Akajiunga na chuo cha sanaa cha Farnham, awe mfinyanzi.

Safari ya Abuja

Mwanafunzi wa chuo kama hicho ana kila kitu: gurudumu la kufinyangia, tanuri, vitabu. Yeye hakutosheka. Kati ya 1974 na 1975 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja. Si Abuja ya leo iliyo mji mkuu. Ni mji wa zamani ambao sasa waitwa Suleja.

Kituo hicho kina kisa chake. Mwaka 1950 Mwingereza Michael Cardew alifika katika jumba la Emir wa Abuja akaona mitungi iliyomshangaza. Akauliza, ni nani aliyeifinyanga? Akaambiwa ni mama mmoja wa Kigwari, Ladi Kwali, aliyefundishwa kazi na shangazi yake. Mwaka 1954 mama huyo akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza mahali pale. Leo picha yake imo kwenye noti ya naira 20.

Odundo akakaa mbele ya mama hao wa Kigwari kama mtoto wa chuoni. Wao hawakuhitaji gurudumu. Mtungi hukaa pale pale chini, na mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, akipandisha udongo kwa mikono, pete juu ya pete, hadi mdomoni. Msichana wa chuo cha Ulaya akajifunza kuzunguka.

Hakuishia hapo. Alitazama pia kazi za wafinyanzi wa Kenya, kisha akaenda San Ildefonso, New Mexico, Marekani, kijiji cha bibi Maria Martinez, Mmarekani wa asili aliyesifika kwa vyungu vyeusi ving'aavyo. Na huyo bibi naye alijifunza wapi? Sehemu ya ujuzi wake ilitokana na vigae vya watu wa kale vilivyofukuliwa ardhini karibu na kwao. Yaani kila mwalimu ana mwalimu wake.

Je, huku si kuiga?

Swali zuri. Tazama vyombo vyake mwenyewe. Hufinyanga kwa mkono, husugua kwa jiwe mpaka udongo ung'ae bila rangi ya kupaka. Akichoma kwa moto wenye hewa, chombo huwa chekundu. Akichoma tena kwa moto ulionyimwa hewa, moshi hukigeuza cheusi. Hayo aliyapokea. Lakini ile shingo ndefu, lile tumbo la mviringo na ule mdomo uliopanuka ni vyake yeye. Ukitafuta mijusi na samaki aliowachora Ladi Kwali huwaoni. Kuiga ni kuchukua umbo. Kujifunza ni kuchukua mkono, halafu umbo ulitafute mwenyewe.

Na hakuficha walimu wake. Mwaka 2019, katika maonyesho makubwa huko Wakefield, Uingereza, aliviweka vyombo vyake zaidi ya 50 pamoja na kazi za wengine za nchi na zama mbalimbali, kila mtu ajionee alikotoka. Mwaka uliofuata akatunukiwa na Malkia cheo cha heshima cha Dame. Sisi Waislamu tunaijua isnadi: elimu hutajwa pamoja na uliyeipokea kwake. Nani kasema kazi ya mikono haina isnadi?

Na sisi je?

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, anatengeneza vyungu vizuri na mwenyewe anakula kwenye kigae. Sisi tumezidi. Chungu kizima kipo nyumbani, na hata kukitazama hatutaki. Ladi Kwali alifariki mwaka 1984, lakini mkono wake haukuzikwa naye kwa sababu wapo waliokaa chini wakamtazama. Mama anayefinyanga vyungu na vyetezo kijijini kwenu, nani amekaa mbele yake?

Likizo ya Idd ukienda kwa bibi, usiulize tu mahamri. Muulize mtungi ule alifinyanga nani, na kama yu hai, nenda ukamtazame akifanya kazi. Udongo uwahi ungali maji.

Ramadhan Mubarak.